Mzee anayeganda mlangoni lakini baiskeli anaendesha

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga. Wagonjwa wangu huniita daktari wa mazoezi, na jina hilo nalipokea vizuri kwa sababu linaeleza kazi yangu bila kuzunguka. Siku nyingi niko na watu wa kiharusi, wazee waliovunjika nyonga na watoto wenye mtindio wa ubongo. Leo nataka kuandika kuhusu kundi ambalo linaniumiza roho kuliko yote, kwa sababu wengi wao hufika kwangu baada ya miaka ya kuhangaika, wakiwa wamebebeshwa jina la ugonjwa usio wao.

Mwingine anakuja na kikaratasi kilichoandikwa "kiharusi". Mwingine hana karatasi, ana maelezo ya nyumbani tu: ni uzee, ni uvivu, ni jini, ni husuda ya jirani. Namlaza kitandani, namwambia asukume mkono wangu kwa unyayo wake, na mguu unasukuma vizuri kabisa. Nguvu ipo. Kisha namwambia, "Haya baba, simama twende pale dirishani." Hapo ndipo shughuli ilipo. Anainama mbele, anarudi nyuma, anajaribu tena, mwili hauendi. Na mara nyingi kuna mtu wa nyumbani amesimama pembeni, mikono kiunoni, anasema, "Unaona, daktari? Nguvu anazo. Anajidekeza tu huyu."

Hajidekezi. Naomba anayesoma hapa na ana baba au bibi wa namna hii nyumbani aniamini kwa hilo kabla ya mengine yote.

Amri ya kusukuma msuli hutoka kwenye gamba la ubongo, ile sehemu ya juu yenye mikunjo, ikashuka kwa njia ya uti wa mgongo hadi kwenye mkono au mguu. Kiharusi tulichokizoea hukata njia hiyo, ndiyo maana upande mmoja unalegea na nguvu zinakwisha. Lakini ndani kabisa, chini ya gamba hilo, kulia na kushoto, kuna mafundo ya seli ambayo kwa pamoja huitwa basali ganglia. Mafundo haya hayasukumi msuli wowote. Kazi yake ni kuchagua: katika harakati zote ambazo ubongo ungeweza kuzifanya sasa hivi, ipi iachiwe na zipi zizuiwe, kwa kasi gani na kwa ukubwa gani. Ndugu wa wagonjwa huwa nawaeleza kwa mfano wa kondakta wa daladala. Dereva ana injini, ana usukani, na njia anaijua, lakini haondoki kituoni mpaka kondakta agonge bodi. Kondakta akinyamaza, gari zima lenye mafuta tele litabaki pale pale. Na kondakta akipagawa, akawa anagonga ovyo, gari litaondoka na kusimama bila mpango, abiria wakirushwa huku na huku. Magonjwa yote nitakayoyataja hapa ni ya kondakta. Injini haina tatizo.

Linalojulikana zaidi kati ya hayo ni Parkinson. Limepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 alieleza habari za watu sita waliokuwa wakitetemeka na kutembea wameinama. Baadhi ya hao sita aliwaona tu wakipita mtaani. Jambo hilo hunitia moyo sana, maana linaonyesha kwamba macho ya mtu makini yanaweza kuugundua ugonjwa huu. Hata leo, pamoja na mashine zote, daktari huutambua kwa kumtazama mgonjwa, kumgusa na kumsikiliza. Zinazokufa polepole ni seli za sehemu ndogo yenye rangi nyeusi upande wa chini wa ubongo, iitwayo substansha nigra, ambazo hutengeneza kemikali ya dopamini. Hadi mkono unapoanza kutetemeka, pengine nusu ya seli hizo au zaidi zimeshakwisha. Kwa hiyo anayesema "ulianza mwaka jana" ana ugonjwa uliomkalia kitambo.

Nina mzee mmoja, karani mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila kutaja jina. Alipoletwa kwangu, mwanawe alikuja na daftari la michango ya msikiti ambalo mzee alilitunza kwa miaka mingi. Alilileta kwa sababu nyingine kabisa, alitaka kunionyesha kwamba baba yake ni mtu wa maana. Nililipekua kurasa hadi kurasa. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wa karani hasa, herufi zimesimama, mistari imenyooka, kila jina limejaa kwenye nafasi yake. Ukizidi kufungua, jina linaanza kwa herufi kubwa upande wa kushoto na kufikia mwisho wa mstari limekuwa dogo kama la mtu anayebania karatasi. Kurasa za mwisho kabla hajamkabidhi mtu mwingine hazisomeki bila kusogeza macho karibu. Ugonjwa ulikuwa umeandikwa pale, kwa mkono wake mwenyewe, miaka kabla ya mtu yeyote kumpeleka hospitali.

Nilipomuuliza mkewe maswali, mengine yakatoka. Mzee aliacha kusikia harufu zamani. Wali ungeungua jikoni yeye yuko barazani hatambui. Usiku alikuwa akipiga kelele na kurusha mateke akiwa usingizini, mpaka mama akahamia kitanda cha pili. Choo kilikuwa kigumu. Mkono wa kulia uliacha kubembea alipotembea, na watoto wakadhani ameumia bega. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingempeleka mtu kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Lakini ukiyaona yote kwa pamoja kwa mtu wa makamo, muulize daktari.

Sasa mzee huyu ana tatizo la kuganda. Anatembea sebuleni vizuri kiasi, hatua fupi fupi, lakini akifika mlangoni miguu inagota chini kama imegandishwa na saruji. Mlango uko wazi, hakuna kizingiti, hakuna chochote cha kumzuia. Wembamba tu wa nafasi ile unatosha. Wanawe walikuwa wakimvuta mikono, naye akaanguka mara kadhaa, kwa sababu kiwiliwili kilikwenda na miguu ikabaki.

Siku moja mwanawe akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayesema jambo la aibu, kwamba baba yake huyu huyu alichukua baiskeli uani, akasaidiwa kupanda, akaenda nayo hadi Makorora na kurudi. Alidhani nitakasirika, au nitasema basi kumbe mzee anatuchezea. Tanga ni mji wa baiskeli, sote tumekua juu ya baiskeli, na mzee aliendesha kwenda kazini maisha yake yote. Nilimwambia kijana kwamba jambo hili linajulikana. Mwaka 2010 daktari wa Uholanzi, Bas Bloem wa Nijmegen, alichapisha habari na video ya mgonjwa wake mwenye umri wa miaka 58 ambaye alikuwa hawezi kutembea hatua chache bila kuganda na kuanguka, lakini akipandishwa kwenye baiskeli anaendesha barabarani, anageuka na kurudi bila shida. Akishuka tu, anaganda.

Maelezo tunayopewa ni kwamba kutembea ni jambo ambalo mtu mzima halifikirii. Tumemwachia kondakta kazi yote. Pedali ni tofauti. Mguu mmoja ukishuka, mwingine unapandishwa, na mdundo unatoka nje, kwenye chuma, badala ya kutoka ndani. Ubongo una njia nyingine za kuanzisha harakati zinazoongozwa na jicho, sikio au mguso, na njia hizo kwa kiasi kikubwa hazijaguswa. Kazi yangu yote kwa wagonjwa wa Parkinson imejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kwa hiyo nilikwenda nyumbani kwa mzee nikiwa na utepe wa rangi. Tulibandika vipande sakafuni kuelekea mlangoni, kimoja baada ya kingine, kwa umbali wa hatua ya mtu mzima. Nikamwambia, "Baba, usitembee. Vuka mstari." Akainua mguu, akavuka. Akavuka wa pili. Akapita mlangoni na kufika barazani, akasimama pale akitazama nyuma, na mkewe akaanza kulia. Nimeshafanya hivi kwenye nyumba nyingi na bado moyo wangu hushtuka kila mara.

Mahali pasipo na mistari tunatumia sauti. Wengine wanahesabu "moja, mbili". Mzee wangu anatumia mdundo wa kasida, anaiimba ndani kwa ndani, na mguu unaufuata. Akiganda, sheria ya nyumba ni kwamba hakuna kumvuta wala kumwambia "twende, twende". Anasimama, ananyooka, anahamisha uzito mguu huu na ule mara mbili tatu, kisha anapiga hatua moja kubwa kwa makusudi. Kugeuka hageuki papo hapo; anazunguka kwa duara pana, kama anavyozunguka na baiskeli. Na asizungumzishwe wakati amebeba kikombe cha chai. Kwa mtu mwenye Parkinson kutembea ni kazi ya kufikiria, ukimuuliza habari za Simba na Yanga umemnyang'anya miguu.

Baiskeli yenyewe sikumkataza, ila barabara ya magari nilimkataza. Kuanza na kusimama ndiko kunakoangusha. Sasa anaendesha jioni kiwanjani, mwanawe akishika kiti wakati wa kupanda na kushuka. Siku alizokata tamaa nilimkumbusha Muhammad Ali, kwa sababu mzee husimulia jinsi walivyokusanyika kwenye redio mwaka 1974 kufuatilia pigano la Kinshasa. Ali aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984, na mwaka 1996 akasimama mbele ya dunia nzima kule Atlanta kuwasha mwenge wa Olimpiki, mkono ukitetemeka, na hakuuficha. Mzee alinyamaza kidogo akasema, "Basi na mimi nitaacha kuuweka mfukoni."

Dawa kuu ni levodopa. Ilitokana na utafiti wa Arvid Carlsson wa Sweden, ambaye katika miaka ya 1950 aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini yao, wakalala hoi hawajongei, kisha akawapa levodopa wakainuka. Mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha jinsi ya kuwapandishia wagonjwa kipimo kidogo kidogo hadi wakafaidika. Dopamini yenyewe ukiimeza haiingii ubongoni, levodopa inaingia na kugeuzwa dopamini humo humo. Ndani ya kidonge huchanganywa na kabidopa ili isigeuzwe kabla ya kufika, maana ikigeuzwa njiani mgonjwa huishia kutapika.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Levodopa hugombania mlango mmoja na protini ya chakula, tumboni na hata kwenye kuingia ubongoni. Mama mmoja alikuwa akimpa mumewe kidonge katikati ya mlo, pamoja na ugali, maharage na samaki, kwa nia njema kabisa, ili dawa "isimchome tumbo". Mchana wote mwanamume alikuwa mzito kama gogo, wakaamini dawa haifanyi kazi. Tulihamisha kidonge kikawa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa saa ile ile kila siku, na hali ikabadilika. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kidonge cha saa sita kikimezwa saa nane, hizo saa mbili mgonjwa anazilipa kwa mwili wake. Na dawa hii haikatwi ghafla, hata kama imepungua ndani ya nyumba. Kukatwa ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakotishia uhai.

Kuipata ndiyo vita. Levodopa na kabidopa zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini nawajua watu wanaozunguka duka hadi duka, wakipiga simu kwa ndugu Dar es Salaam awatumie kwa basi. Jambo hili linanikasirisha, na sitalizoea. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye Parkinson, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na wengi wa waliowapata walikuwa hawajawahi kutambuliwa. Mtu asiyetambuliwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa haagiziwi dawa.

Wengine wameniuliza kuhusu upupu, ule ule wa kuwasha tuliokimbizana nao utotoni. Ni kweli, mbegu zake zina levodopa ya asili. Madaktari wa Italia waliujaribu Bolivia kwa wagonjwa wasiomudu dawa, wakachapisha mwaka 2017, na dozi moja moja ilifanya kazi vizuri. Walipoutumia kwa wiki kadhaa mfululizo, nusu ya wagonjwa waliacha, baadhi kwa sababu ya madhara na wengine kwa kuzidiwa. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu na mbegu. Kwa hiyo usimsagie baba yako upupu jikoni, hasa kama tayari anameza vidonge.

Huo ni upande wa kondakta aliyenyamaza. Upande wa pili unatisha watu zaidi, na ndio unaopeleka wengi kwa waganga kabla ya hospitali.

Bibi mmoja aliletwa wodini mkono na mguu wa kushoto vikirushwa bila kukoma. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka kwa kugonga chuma cha kitanda. Nyumbani walishamwagia maji ya kombe na kumsomea, wakaamini jini limepanda upande mmoja. Sina ugomvi na dua, hata mimi naomba. Lakini muuguzi alipompima, sukari ilikuwa juu sana. Sukari iliyopanda namna hiyo, hasa kwa wanawake wazee, inaweza kuvuruga basali ganglia ya upande mmoja na kuuachia mkono wa upande wa pili uruke wenyewe. Walimshusha sukari, na siku zilivyokwenda mkono ukatulia. Mtu mwingine mwenye dalili hizo hizo anaweza kuwa na kiharusi kidogo mahali pale pale. Tofauti inajulikana kwa kipimo, na cha sukari ni tone moja la damu kidoleni.

Msichana wa chuo alipewa sindano ya metoklopramidi kwa sababu ya kutapika. Saa chache baadaye shingo ikajikunja upande, macho yakapinduka juu, taya likakaza. Aliyekuwa naye chumbani alipiga kelele kwamba amepandisha. Dawa ile huzuia dopamini, na kwa baadhi ya watu, hasa vijana, kondakta hupagawa. Daktari alimchoma sindano ya kutuliza, na muda si mrefu alikuwa amekaa anaomba maji. Haloperidoli wanayopewa wagonjwa wa akili inaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ikiwa mtu amekunjika shingo au macho yamepinduka, swali la kwanza liwe: amepewa dawa gani tangu jana? Na mwenye Parkinson asipewe metoklopramidi kabisa. Mwandike kwenye jalada lake, na mseme kwa mdomo kila anapolazwa.

Watoto wa shule nao wana yao. Mtoto aliyeumwa koo wiki au miezi iliyopita, sasa anaangusha vikombe, mwandiko umeharibika, uso unakunjwa kunjwa na mikono haitulii, asichapwe kwa utundu. Apelekwe akapimwe moyo pia, kwa sababu ugonjwa huo, korea ya Sydenham, ni ndugu wa ule unaoharibu vali za moyo, na sindano za penisilini za kila baada ya wiki tatu au nne ndizo zinazomlinda usirudi.

Nimeyapita hayo haraka ili nifike kwa wanaoninyima usingizi.

Nina mvulana wa miaka minne ninayemfanyisha mazoezi. Mikono yake haitulii. Inajinyonga polepole, vidole vikifunguka na kujikunja, shingo ikivutwa nyuma anapotaka kusema. Akifurahi inazidi. Akishtuka inazidi. Akilala usingizi mwili wote unalegea na kutulia kabisa, na mama yake ameniambia kwamba huo ndio wakati anapomtazama vizuri uso wake. Kusikia kwake ni hafifu, na macho hayapandi juu vizuri, ukitaka akuone lazima ukae chini kuliko yeye. Lakini akili yake ni kali. Nikikosea kuweka picha ya ng'ombe kwenye kundi la magari, anacheka mpaka anakaribia kutoka kitini.

Alizaliwa mzima. Siku ya pili macho yakawa ya manjano. Mama aliambiwa amwanike kwenye jua la asubuhi, akafanya hivyo kwa uaminifu, khanga imetandikwa mlangoni. Siku zilizofuata mtoto alilala mno, akawa hanyonyi vizuri, kisha akaanza kulia kwa sauti nyembamba ya juu na kujikunja mgongo kwa nyuma. Walipofika hospitali kubwa madhara yalishatokea. Kinachosababisha manjano ni bilirubini, takataka inayotokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika, na ikizidi sana kwa mtoto mchanga huingia ubongoni na kulenga basali ganglia hasa, sehemu iitwayo globasi palidasi. Kati ya magonjwa yote niliyoyataja, hili ndilo ambalo karibu kila mara lingeweza kuzuiwa. Taa ya mwanga wa buluu inatosha kwa watoto wengi, na wachache waliozidiwa hubadilishiwa damu. Kisha mtoto anakwenda nyumbani, anakua, anacheza mpira.

Jua la asubuhi si tiba. Mwanga wake haupimiki, mtoto hawezi kukaa uchi juani kwa saa zinazohitajika, na wakati huo mama anaamini anamtibu. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari moja kwa moja, hakuna kusubiri. Baadaye, mtoto wetu mweusi umtazame kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, ufizi, bonyeza ngozi ya pua na kifua uone rangi inayobaki, kisha viganja na nyayo. Manjano yakifika kwenye nyayo, chukua mtoto nenda. Akiwa hanyonyi au ni mlegevu kupita kawaida, chukua mtoto nenda, hata kama ni usiku.

Na jingine la hapa kwetu pwani. Wengi wetu tumerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hatujui mpaka kitu kikiamshe. Vile vidonge vyeupe vya harufu kali tunavyoweka kabatini kufukuza mende na nondo, vya naftalini, vinaweza kuvunja damu ya mtoto mwenye upungufu huo na kupandisha manjano ghafla. Bibi ametunza nguo za watoto kwenye sanduku kwa miaka, na anazitoa kwa furaha mjukuu anapozaliwa. Zifueni na kuzianika kwanza kwa siku kadhaa, na vidonge hivyo visikae nyumba yenye kichanga.

Mvulana wangu tumemtengenezea kiti kwa fundi seremala. Nyayo zimefungwa ili zikanyage imara, nyonga zimeshikwa, na meza iko juu kidogo ili viwiko viegemee. Mwili ukishikwa sehemu mbili tatu, mkono uliobaki unapata kutulia. Anatumia kikombe kizito cha vishikio viwili. Mama yake alinitumia ujumbe wa sauti mwezi huu: amekunywa uji mwenyewe, umemwagika nusu, na amekataa kusaidiwa.

Ombi langu ni dogo. Ukiona harakati usizozielewa kwa mtu wako, mpige video kwa simu yako. Mwonyeshe akitembea kuelekea mlangoni na kugeuka, akifungua na kufunga vidole, akiandika sentensi moja, mikono ikiwa imepumzika mapajani. Kama anameza dawa, piga moja kabla ya kidonge na nyingine baada ya saa moja, na useme saa ngapi. Dalili hizi zina tabia ya kujificha mbele ya daktari, na dakika moja ya video humsaidia kuliko maelezo marefu. Juzi kijana wa Muheza alinionyesha video ya babu yake aliyekuwa akitibiwa kiharusi. Nilimwandikia babu rufaa ya daktari wa mishipa ya fahamu siku hiyo hiyo, na ana miadi mwezi ujao.